Umerudi, Hujafika

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza leo tukiwa kanisani. Mabati yalimeza mahubiri, pasta akapaza sauti mpaka akachoka, mwishowe tukaimba tu. Watu wa huku kwetu Kiamunyi walikuwa wanacheka mlangoni, wengine wakatoka wakasimama mvuani kwa raha zao, maana kiangazi kilikuwa kimetunyoosha. Mimi nilikuwa nawaza nguo zangu zilizo kwa kamba.

Jioni mke wangu, Chepngeno, alizima televisheni nikiiangalia. Akakaa kwa stuli, si kwa kochi, nikajua kuna maneno.

"Levis, ulirudi Desemba. Hii ni Machi. Umerudi lakini hujafika."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha. Akangoja nimalize kucheka.

"Nakupa hii mvua tu. Ikiisha na bado uko huko Ujerumani, mimi nitaenda zangu. Sitapiga kelele. Nitaenda tu."

Kisha akaniuliza kama nitakula mayai mawili au matatu. Nikasema mawili. Haki, mtu anaambiwa ndoa yake ina msimu mmoja na anaulizwa habari ya mayai! Nimekaa hapa na daftari ambalo nilinunua la kazi, naandika ili nisijidanganye kesho kwamba sikusikia vizuri.

Nilikaa Bremen miaka tisa, kwa ghala la mizigo. Kabla niende tulikuwa tumekaa pamoja miezi minane. Nilikuja nyumbani mara mbili. Yeye alibaki hapa, akajenga hii nyumba akisimamia mafundi peke yake, akishona uniform za shule. Mama yake alikufa nikiwa huko, miaka mitatu iliyopita. Mazishi niliyaona kwa simu, na network ikakatika kabla hawajateremsha jeneza. Tangu nirudi sijaenda kwao Olenguruone kumpa baba yake pole. Hatuna mtoto.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Matope mpaka kwa ngazi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata wazo. Tutasafiri.

Huko Ulaya nilijifunza kitu ambacho huku kwetu hakuna. Nilijifunza kwenda mahali ambapo sijui mtu. Sisi huku hatuendi mahali, tunaenda kwa mtu. Mwambie jirani unaenda Eldoret, atakuuliza, "Kwa nani?" Marehemu baba yangu alifika Mombasa mara moja tu maishani, na ilikuwa ni mazishi. Bahari aliiona kwa dirisha la basi, akarudi akasema ni kubwa.

Mimi nilikuwa natoka kazini Ijumaa na mfuko mmoja mgongoni, napanda ndege ya bei ya chini, nafika Lisbon, nafika Krakow. Hakuna wa kunipokea, hakuna chai ya kulazimishwa, hakuna shangazi wa kuniuliza mtoto ako wapi. Natembea, naangalia majengo, napiga picha, nalala, narudi. Mara ya kwanza nililia chooni kwa upweke. Mara ya tano nilikuwa siwezi kuishi bila hiyo kitu. Nataka Chepngeno aonje raha hiyo. Labda akiionja ataelewa nilipo, na tutakutana katikati.

Nimemwambia Jumamosi tunatoka. Amesema sawa, akauliza, "Kwa nani?"

Jumamosi, 22 Machi

Kariandusi. Miaka yote niliyoishi Nakuru sikuwa nimewahi kuingia, napita tu kwa barabara ya Nairobi. Mashoka ya mawe ya watu wa zamani yamelala chini vile vile walivyoyaacha, na ng'ambo pale wanachimba ile mchanga nyeupe kama unga.

Mama wa kutembeza wageni alituuliza, "Mmetoka shule gani?" maana wanaoenda pale karibu wote ni wanafunzi. Chepngeno akacheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu nirudi. Nikajiambia, Levis, umegonga ndipo.

Lakini dakika chache baadaye wale wawili walikuwa wameshagundua kwamba huyo mama ameolewa upande wa Keringet, na Chepngeno anajua boma alikoolewa. Wakaketi kwa benchi. Mimi nikabaki na mawe. Nilisoma kila kibao, nikapiga picha.

Kwa gari nikaanza kulalamika, na sasa nikiandika najisikia nikilalamika. Vibao vina kutu. Choo kimefungwa. Jiwe kama lile Ujerumani lingejengewa jumba zima, uingie kwa foleni, utoke kupitia duka la zawadi.

"Yule mama mume wake ana kisukari, wamemkata mguu," Chepngeno akasema. "Ulijua?"

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza."

Jumamosi, 29 Machi

Mvua usiku na mchana. Hatukutoka. Yeye alishona, mimi nilitafuta mahali pengine kwa simu.

Jumamosi, 5 Aprili

Ziwa Elmenteita. Nilimwamsha kukiwa bado giza ili tupate ule mwanga mzuri wa asubuhi. Mwanga gani! Tulipata ukungu na manyunyu. Flamingo walikuwa mbali, mstari wa waridi tu kando ya maji. Nilisimama nje na mwavuli, nikingoja jua litokeze. Chepngeno alibaki ndani ya gari amejifunga shuka.

Niliporudi ndani nikiwa nimelowa, akaniuliza polepole, "Kwa nini tunakuja kuona ndege na hatujaenda kumwona Baba?"

"Tutaenda."

"Lini?"

"Nimesema tutaenda, Chepngeno."

Ukweli ni huu, na kwa kuwa hakuna anayesoma hapa niuseme. Naogopa lile kaburi. Ningeenda wiki ya kwanza ya kurudi ingekuwa ni pole tu, chai, machozi kidogo, basi. Sasa kila mwezi unaongeza jiwe kwa mzigo. Nikifika nitasema nini? Ati nilikuwa busy? Nafundisha Kijerumani mjini, wale manesi vijana wanaotaka kwenda huko, masaa matatu kwa siku. Mtu wa masaa matatu hana busy.

Jumamosi, 12 Aprili

Jirani yetu Nyakio ameombea mvua ipungue, viazi vyake vinaoza shambani. Nilisema amina kwa mdomo. Ndani naomba iendelee. Nimekuwa mtu wa kuamka na kuangalia mawingu kabla sijamwangalia mke wangu.

Jumatano, 16 Aprili

Sasa nimepata. Nimepata kabisa!

Olenguruone kuna hoteli mpya imejengwa juu ya kilima, mtu wa Nairobi ameijenga, vyumba vya mbao, madirisha makubwa. Watu wameisifu kwa mtandao. Tutalala pale Jumamosi ya Pasaka, tupumzike vizuri, tuongee. Jumapili baada ya kifungua kinywa tutashuka kwa Mzee tukiwa tumeoga na roho zimetulia. Nitakuwa nimeua ndege wawili kwa jiwe moja. Hata kaburi halitaniogopesha nikiwa nimelala vizuri.

Sijamwambia ni wapi. Ni surprise.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Niko Kiamunyi peke yangu. Acha niandike kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hakuna mpangilio.

Jana tulitoka saa sita. Tulipita Njoro akiangalia nje tu. Tulipopita Molo akanigeukia. "Tunaenda upande wa kwetu?"

"Ngoja uone."

Akaanza kuimba chini chini, nyimbo za kwao za kanisa. Tulipofika Keringet akaniambia nisimame. Akanunua sukari, majani ya chai, mikate mitano, mafuta ya kupikia na blanketi moja nzito. Mimi nikiwa kwa usukani nikamwambia, "Vyote hivi vya nini? Kule tunaenda kila kitu kipo." Akanicheka, akanipiga bega. Alidhani natania! Akafunga kitambaa kichwani, akatoa tishu akapangusa viatu vyake matope. Nilimwona kwa haya macho yangu mawili. Nilimwona na sikuelewa kitu.

Karibu tufike, nikakata kona kwa kibao cha hoteli.

"Umepotea njia," akasema. "Kwa Baba ni ile ya chini."

"Najua. Leo tunalala hapa. Kesho tutapita tuwasalimie."

"Tutapita," akasema.

Askari wa lango akaja na mwavuli, akafungua mlango wa upande wake. Chepngeno hakushuka. Alikaa na ile mikate kwa mapaja mpaka askari akaangalia kando kwa aibu.

Mapokezi alikuwa Jepleting, binti ya shangazi yake. Sikujua anafanya kazi pale. Alipotuona alishika mdomo kwa mikono miwili. "Chepngeno! Kuna nini nyumbani? Mzee amewafukuza?"

"Hajatufukuza."

"Kuna mtu amekufa?"

"Hakuna."

"Sasa?"

Chepngeno akaniangalia nijibu. Nikasema, "Ni holidei." Jepleting aliniangalia mimi, akaangalia mikate, akaandika majina yetu.

Kumbe ndivyo ilivyo. Binti wa boma analala lojing'i karibu na kwao kwa sababu moja tu, kwamba kwao kuna vita. Mimi mjukuu wa mtu wa reli, nimelelewa na Wabukusu, kwani sikujua hilo? Nilijua! Bungoma ningelala wapi isipokuwa kwa wajomba, hata kama ni sakafuni na kuku? Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini lile somo la Krakow limekaa mbele ya mengine yote. Nikifika mahali, natafuta kitanda, dirisha na kibao cha kuniambia nimefika wapi. Watu sitafuti.

Usiku alilala amegeukia ukuta. Asubuhi niliamka nikamkuta amesimama dirishani, amevaa nguo zote mpaka koti. Ukungu ulikuwa unapanda. Chini kulikuwa na mashamba ya viazi, majani chai, paa la mabati lenye kutu na moshi unatoka jikoni. Mandhari kama ile ya kwa picha. Mungu wangu, nilitaka kuchukua simu.

"Ile moshi ni ya kwetu," akasema. "Baba anachemsha chai. Na pale kwa ule mti wa saipras ndipo Mama amelala." Akagonga kioo kidogo na kucha. "Hii dirisha ulichagua wewe mwenyewe?"

Nilianza kutandika kitanda. Ndiyo, nilichagua mwenyewe.

Tulishuka kula. Nilikuwa nimevaa slipas nyeupe za hoteli. Nimejaza sahani, nimekaa, mlango ukafunguka. Ni Mzee. Baba yake Chepngeno, arap Maritim, mtu wa miaka sabini na kitu, amelowa, kofia mkononi. Alikuwa amevua gamubuti zake mlangoni, anatembea kwa soksi juu ya vigae. Kwapani alibeba kibuyu cha maziwa ya mursik kimefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Mhudumu akamsimamisha. "Mzee, chumba namba gani?"

"Sina chumba. Niko na nyumba."

Akatufikia. Nilisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. Akanipa mkono, akauliza habari ya safari. Nikasema nzuri.

"Nimesikia kuna wageni wamelala huku kwetu," akasema, "nikasema si vizuri mgeni aamke bila maziwa."

"Baba, tulikuwa tunakuja sasa hivi. Tulikuwa tumepanga..."

"Msisumbuke. Mko kwa mapumziko."

Haikuwa kejeli! Hilo ndilo linaniua. Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma dereva wa lori aliyeharibikiwa na gari kijijini kwake. Akaweka kibuyu mezani kati ya chai na matunda yaliyokatwa. Akaomba akiwa amesimama, kwa lugha yao, na nikasikia jina langu katikati ya maombi. Meza zingine watu waliacha kutafuna. Alipomaliza akasema Pasaka njema, akageuka.

Chepngeno akapanda ngazi akashuka na begi lake na mifuko ya Keringet.

"Ngoja nichukue funguo za gari," nikasema.

"Gari ya nini? Ni pale tu."

Walitoka pamoja kwenye mvua. Chepngeno alivua viatu akavishika mkononi. Mzee akamvika kofia yake kichwani. Nilisimama kwa veranda na zile slipas zangu, nikawaona wakishuka kati ya viazi mpaka ukungu ukawafunika.

Jepleting alikuja nyuma yangu. "Shemeji, wafuate."

"Nitamwambia nini Mzee?"

"Usiseme kitu. Wewe fika tu."

Nilivaa viatu, nikashuka na gari mpaka kwa lango lao. Kulikuwa na watu wengi uani, Pasaka, ukoo mzima, watoto, masufuria. Mtu mmoja akageuka akaangalia gari langu. Na mimi, mwanamume mzima, nikageuza gari.

Jumatatu, 21 Aprili

Hapokei simu.

Jumatano, 23 Aprili

Hapokei.

Jumapili, 27 Aprili

Ametuma ujumbe mmoja. "Niko salama. Cherehani yangu iweke mafuta isishike kutu."

Nimeiweka mafuta. Nimeipangusa mara mbili.

Jumamosi, 3 Mei

Nilijaribu kwenda. Mbele ya Keringet udongo ulikuwa umeporomoka barabarani, magari yamesimama pande zote mbili, watu wanachimba na majembe. Waliniambia mpaka jioni itakuwa imefunguka. Wengine walikuwa wamekaa kwa nyasi wanachoma mahindi, wanangoja tu.

Sikungoja. Niligeuza. Na nisiandike uongo, nilipoona ile milima ya udongo kitu ndani yangu kilishusha pumzi. Nilifurahi barabara imekatika! Nilipofika nyumbani nilijichukia nikashindwa kula.

Jumanne, 6 Mei

Darasani leo mwanafunzi mmoja anaitwa Waithera, anasubiri viza, aliniuliza, "Mwalimu, huko ni kuzuri?" Nikasema ni kuzuri, na si uongo. Akauliza, "Na ukirudi inakuwaje?" Nikageukia ubao nikawafundisha vitenzi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua imekuwa ya vipindi. Naiambia, tafadhali.

Nimezunguka hii nyumba usiku kama nilivyokuwa nazunguka vyumba vya kukodi huko nje, nikijiandikia kichwani yale maoni tunayoacha kwa mtandao. Safi. Tulivu. Maji ya moto yapo. Pazia zimeshonwa kwa mkono. Hakuna mwenyeji. Kisha nikagundua sijui majina ya majirani wa upande wa nyuma. Nimeishi hapa tangu Desemba na najua jina la Nyakio pekee, kwa sababu yeye ndiye anayebisha.

Jumamosi, 10 Mei

Nilienda kwa Khocha Sitati, ndugu ya mama yangu, anaishi karibu na stesheni. Yeye ndiye mzee niliyebaki naye. Nilimwambia yote. Alianza kwa kucheka, akacheka mpaka akakohoa, mkewe akaleta maji. Kisha uso ukabadilika.

"Wewe ulilala lojing'i na moshi ya jikoni ya mkweo inakuingia puani?"

"Khocha, nilitaka tupumzike kwanza."

"Ulikuwa umechoshwa na nini? Hata adui hafanyi hivyo! Adui anakuja kwako akutukane, anaingia kwa boma." Akafuta macho. "Na mama mkwe wako hata udongo hukumtupia. Mayi! Levis, tulikutuma Ulaya ukatafute, si ukapotee."

Nikamwambia nimejaribu kwenda, barabara ilikatika.

"Barabara ilikatika ukiwa na gari. Ulikuwa na miguu?"

Nimelia mbele yake, nikiwa na miaka arobaini na moja. Amekubali kwenda nami, lakini goti lake limevimba, tungoje lishuke.

Jumamosi, 17 Mei

Goti bado.

Jumanne, 20 Mei

Hakukunyesha.

Jumatano, 21 Mei

Hakukunyesha. Vumbi jembamba limeanza kwa barabara ya kwetu, na Nyakio ameanika mahindi. Ananiambia tumshukuru Mungu. Nilitaka kumpigia kelele.

Ijumaa, 23 Mei

Manyunyu saa kumi! Nilitoka nje nikasimama. Hata hayakulowesha shati.

Jumatano, 28 Mei

Jua. Khocha amepiga simu, goti limeshuka. Jumamosi. Nimenunua kila kitu alichoniambia, na mara hii sikuuliza ni vya nini. Silali.

Jumapili, 1 Juni

Tulifika jana saa nne. Nilisimamisha gari mbali, nikaingia na miguu, Khocha mbele, mimi nyuma na mizigo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote. Nilikuwa tayari kutukanwa, kukaliwa kikao na wazee, kuambiwa nilale nje. Njia nzima nilikuwa naomba tu nisirudishwe langoni.

Mzee alitupokea kwa mikono miwili. Walitandika vitambaa vya kushonwa kwa viti. Mtoto aliyekuwa kwa kochi aliondolewa, nikaketishwa mimi. Vikombe vilitolewa kwa kabati, vile vya maua. Chepngeno alikuja na birika na beseni akatunawisha, akaanza na mimi. Amenenepa kidogo. Aliinama vizuri, akauliza Khocha habari ya goti.

Khocha ni msemaji. Alisimama akasema tumekuja tukiwa na aibu, mtoto wetu amekosa, hakuja kuzika, hakuja kutoa pole, na akalala juu ya kilima kama mtu asiye na kwao. "Tunaomba radhi," akasema, "na tunaomba mke wetu."

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Radhi ya nini?" akasema. "Mgeni hakosei. Mtu wa nyumbani ndiye anakosea, na ndiye anachapwa. Huyu sina neno naye. Na binti yangu ni mtu mzima, ataongea mwenyewe."

Nilisema, "Baba, nichape basi." Watu walicheka kwa heshima. Mimi sikuwa natania.

Baada ya chakula akachukua fimbo. "Njoo nikuonyeshe hapa." Akanizungusha. Hii ni zizi, huyu ng'ombe anatoa maziwa mengi kuliko wenzake. Hapa majani chai, tulipanda mwaka fulani. Kwa ule mti Chepngeno alianguka akiwa darasa la pili, akavunjika mkono. Alieleza kila kitu taratibu, akingoja niangalie. Nimetembezwa na watu miji mingi, sijapata mtu anayeeleza vizuri kama yule mzee. Nilitaka anyamaze. Nilitaka anipe jembe.

Tukafika kwa saipras.

"Hapa ni mama yake. Tuliweka saruji mwaka jana." Akasogea kando kunipa nafasi. "Ukitaka kupiga picha, piga."

Nilipiga magoti kwa nyasi nikalia kwa sauti, nikamwita yule mama, nikamwambia nisamehe. Mzee hakuniinua wala hakuniambia nyamaza. Alingoja, akatoa leso safi mfukoni, akanipa, akasema pole, kama unavyomwambia mtu aliyejikwaa kwa mlango wako.

Chepngeno nilimpata nyuma ya jikoni akichambua mboga.

"Nitukane," nikamwambia. "Chepngeno, nakuomba, nitukane."

"Sina hasira, Levis. Nilikuwa nayo. Siku moja niliamka nikaitafuta, haiko."

"Rudi nyumbani."

"Niko nyumbani."

"Basi nikae hapa na wewe. Nitalala hata kwa stoo. Kijerumani nitafundisha kwa simu."

"Ukae uangalie nini?" Aliuliza bila ubaya, kwa kutaka kujua. "Kila mahali unafika unaangalia. Hata mimi uliniangalia tangu Desemba. Ulikuwa unaniangalia vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini nilikuwa nimechoka kungoja mtu aingie."

Kulikuwa na wingu jeusi juu ya msitu wa Mau. Nikamwonyesha kwa kidole, kama mtoto. "Mvua haijaisha."

Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lilinimaliza. "Huku haiishi. Nilisema ya Kiamunyi."

Tulipoondoka walitusindikiza, kama desturi. Mzee na Khocha walitangulia wakiongea habari za reli. Chepngeno alinibebea gunia dogo la viazi, kwa sababu mtu hatoki kwa boma la watu mikono mitupu, na nilipotaka kumpokea alikataa. Nilitembea nikihesabu maneno ya kumwambia, na kila nililolishika lilikuwa nimeshalitumia. Mume hasindikizwi. Nilijua hilo kila hatua, na bado nilitembea.

Kwa gari aliweka viazi ndani, akafuta mikono kwa leso, akanipa mkono wake. Tulisalimiana kwa mkono, mimi na mke wangu, kando ya barabara.

"Asante kwa kuja, Levis. Karibu tena."

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Asante sana. Nimefurahi kuona kwenu."